Kartoni Tano za Mama Feza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa nimesimama mlangoni mwa kituo kimoja cha afya upande wa Wamaza, nangoja kusifiwa. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, kile cha safari, na mezani nyuma yangu kulikuwa na fishi za wagonjwa, yaani kadi zao, zaidi ya mia tatu zilizopangwa kwa herufi, kuanzia A mpaka Z. Sifa sikupata. Nilichopata ndicho ninachotaka kukusimulia, kwa sababu juma hili wewe na wenzako mlikuja kwangu kuniuliza nani awe mkuu wa kundi lenu katika kazi ya mwisho wa masomo, na niliona jinsi mlivyomkatiza yule mwenzenu mpole kila alipofungua mdomo.

Nilisoma mambo ya kompyuta hapa Kasongo nikiwa nimewazidi umri wenzangu wote. Vita vilinilia miaka yangu. Wengine walipokuwa wanamaliza shule, mimi nilikuwa nauza chumvi na sabuni katika duka la baba. Kwa hiyo nilipoingia chuoni nilijiona mama wa darasa, na mama wa darasa hana muda wa kuulizwa maswali. Katika kundi letu tulikuwa watatu. Kulikuwa na Useni, kijana wa mjini kama mimi, mwenye vidole vyepesi na utani mwepesi zaidi, na Musafiri, mtoto wa wakulima wa Kabambare, ambaye Kibangubangu chake kilikuwa kizuri kuliko Kifaransa chake. Waliniita Prezida. Kwanza ilikuwa mzaha, halafu nikazoea, halafu nikaanza kununa wasiponiita hivyo.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kutengeneza programu ya kutunza habari za wagonjwa. Mwalimu aliyetusimamia alikataa tukae chuoni tukibuni, akatutuma mahali kazi yenyewe inapofanyika. Tukafika Wamaza kwa pikipiki, viuno vikituuma, na kompyuta yetu moja imefungwa ndani ya plastiki na shuka mbili.

Mkuu wa kituo alikuwa muuguzi aitwaye Mama Feza. Watu walimwita mama titulera, yaani mwenye kituo. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, ambaye aliweza kuzungumza nawe huku akihesabu vidonge asikosee. Fishi zake alizitunza katika kartoni tano za sabuni, zilizopangwa mstari mmoja kwenye rafu. Juu ya kartoni hapakuwa na namba wala jina. Siku ya pili alipaswa kwenda vijiji vya mbali kuchanja watoto, akatuachia ufunguo na neno moja tu: tuandike, tusiharibu.

Basi tukaanza. Useni alikuwa anapiga herufi, mimi namsomea, Musafiri anatoa fishi kwenye kartoni. Haukupita muda nikachoka, kwa sababu fishi zile zilikuwa hazina mpango wowote niliouelewa. Mzee wa miaka sabini alifuatwa na mtoto mchanga, mwenye malaria akafuatwa na mwenye mimba. Nikaamua tuzipange zote kwa herufi, ndipo tuandike haraka. Kusema kweli nilidhani namfanyia Mama Feza wema. Nilimwona kichwani mwangu akirudi, anashika kifua kwa furaha, anasema hawa watoto wa chuo wamenitua mzigo.

Musafiri ndiye aliyesita. Alikuwa ameshika fishi mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, anazitazama kama mtu anayelinganisha mbegu.

"Prezida, juu ya nini mutu wa Lusangi na mutu wa Salamabila wako mu kartoni moja? Mi naona kama kuna kitu."

"Kuna fujo tu," nikamjibu. "Changanya, tupange."

Akauliza tena, safari hii kwa adabu zaidi, kama hatungeweza kumngoja mama titulera siku mbili. Nikamwambia kwamba swali lisiloandikika kwenye kompyuta si swali la kazi yetu. Useni alicheka, na mimi nikafurahi kwamba amecheka. Musafiri akaendelea kutoa fishi. Nilikuja kujua baadaye kwamba kabla sijamkemea alikuwa ameshaweka alama ndogo ya penseli kwenye kona ya kila fishi ya kartoni mbili alizozifungua mwanzo, moja kwa kartoni ya kwanza, mbili kwa ya pili. Tatu zilizobaki hakuzitia alama, kwa sababu nilikuwa nimemwambia aache kuchezea vitu vya watu. Kartoni zenyewe zilipobaki tupu tuliziweka chini ya kompyuta kuiinua, maana sakafu ilikuwa na unyevu.

Hivyo ndivyo nilivyosimama mlangoni asubuhi ile na kitenge changu. Mama Feza alirudi, na nyuma yake ikaingia pikipiki ya motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki, aliyetoka Kasongo na mzigo wa dawa. Dawa hizo zilikuwa za kifua kikuu, zilichelewa, na kwa ugonjwa ule dawa haikatishwi. Wagonjwa waliokuja siku yao wakazikosa, Mama Feza alikuwa amewaambia warudi nyumbani, dawa ikifika atawatumia habari. Sasa ilikuwa imefika. Motari mwingine alikuwa tayari uwanjani, anakwenda Salamabila, hata injini hakuizima. Mama Feza akaenda moja kwa moja kwenye rafu akanyoosha mkono pale kartoni ya tatu inapokaa, bila hata kutazama. Mkono ukashika hewa.

Aligeuka polepole akaiona meza. Akachukua fishi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nikaanza kueleza habari za herufi, na jinsi sasa atakavyoweza kumpata mtu yeyote kwa jina lake. Akaningoja nimalize, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Watoto wangu," akasema, "kila kartoni ni njia. Mutu akihama shamba, mi nahamisha fishi yake. Siandiki popote. Naiweka tu kwenye njia yake."

Hapo nikaelewa, mwanangu. Katika sehemu zile mtu haitwi kwa simu, maana mtandao ulikuwa mpaka upande mlima, na haitwi kwa anwani. Anaitwa kwa njia anayopita kwenda kwake. Mama Feza akitaka kumwita mgonjwa, alishusha kartoni ya njia ile, akamsomea majina motari au mama anayetoka sokoni, basi habari ikatembea nao. Kijiji kilichoandikwa kwenye fishi kilikuwa mahali mtu alipotokea siku ya kwanza, miaka mingine imepita. Watu wale wanahama na mashamba, wanafuata dhahabu, wanarudi kulima mpunga. Kartoni ndiyo iliyojua walipo, nasi tukaimwaga kwa mikono yetu kisha tukaifanya kigoda cha kompyuta.

Wagonjwa wengi wa dawa ile Mama Feza aliwakumbuka kichwani, akawataja, motari akaondoka na majina yao. Alibaki mmoja. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne aitwaye Riziki, ambaye fishi yake iliandikwa Salamabila. Mama yake alikuwa amehama mwezi ule kwenda kulima, akamtajia Mama Feza njia yake mara moja tu, siku ambayo kituo kilikuwa kimejaa watu. Mama Feza aliiweka fishi kwenye kartoni yake, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kukumbuka. Vidonge vya mtoto vilikuwa vimekwisha siku tatu nyuma.

Musafiri akaichukua fishi ya Riziki akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na alama ya penseli. Akasema basi mtoto hayuko kwenye njia ya kwanza wala ya pili, zimebaki tatu, na sisi tuko watatu. Hakunitazama alipokuwa anasema hivyo. Angenitazama ningelia palepale.

Tukagawana njia. Mimi nilipata ile inayoelekea bondeni, nikapanda nyuma ya motari mmoja wa makamo ambaye hakuwa na haraka ya kuzungumza. Lakini mimi sasa nilikuwa na maswali. Ni ajabu jinsi aibu inavyomfungua mtu masikio. Nikamuuliza anajuaje wa kumpa habari akifika mahali njia inapogawanyika. Akaniambia kwamba anaisema kwenye nyumba ya kwanza yenye moshi, na nyumba ile inajua nani analima mbele yake. Nikamuuliza, na moshi usipokuwepo? "Yaya, watu wakiwa shambani, mi nangoja pale maji yanachotwa," akasema, akiniita yaya, yaani dada. "Mutu atakuja tu kuchota." Nikamuuliza kama amewahi kupoteza habari ya mtu. Akakwepa shimo, akasema moja tu, ya msiba, na bado inamkera. Nilisoma miaka mitatu namna habari inavyotoka kwenye mashini moja kwenda nyingine, na sikuwahi kujiuliza inafikaje kwa mtu anayelima bondeni.

Siku ya kwanza sikupata kitu. Nililala kwa familia moja ya wakulima walionipa wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila kuniuliza mimi ni nani, wakaniuliza tu namtafuta nani. Siku ya pili, saa tatu hivi, mama mmoja kwenye kijito akaniambia yuko mgeni ng'ambo ya mpunga, ana mtoto anayekohoa. Nikavuka na maji magotini.

Mtoto alikuwa ameketi juani kwenye mkeka. Alikuwa mwembamba, ana ndizi mkononi haili. Mama yake aliinuka kati ya mpunga akanisalimia vizuri. Nilipomwambia nimetumwa na mama titulera, alifunika uso kwa mikono miwili. Nami nikamuuliza, na hata leo natamani nisingeuliza kwa sauti ile ya kulaumu, kwa nini hakurudi mwenyewe kituoni alipoona dawa imekwisha.

"Mama titulera alisema dawa ikifika atatuma mutu wa njia," akanijibu. "Hajawahi kunidanganya. Mutu hakufika, nikajua dawa haiko. Nikawa nangoja."

Nilimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani. Alikuwa mwepesi kuliko mzigo wa vitabu. Njia nzima nilikuwa nasikia pumzi yake kwenye shingo yangu, na nikawa naomba kwa sauti bila kujali motari ananisikia. Mama Feza alimpokea, akampa dawa, akatuambia siku tano si nyingi mno, ila asikose tena hata moja. Riziki alimaliza dawa zake zote na akapona. Nakwambia hili sasa ili usiwe na wasiwasi, maana mimi nilikaa na ule wasiwasi miezi mizima.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, Musafiri na Useni walikuwa wamesharudi mikono mitupu. Nikamkuta Musafiri anaosha miguu nyuma ya kituo. Nikamwomba msamaha, na nikamuuliza alikuwa ameona nini siku ile na zile fishi mbili.

"Hata mi sikujua, Prezida," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Tulikaa Wamaza majuma mawili zaidi ya tulivyopanga. Tulirudisha fishi moja moja, kila mgonjwa aliyeingia tukimuuliza anarudi kwa njia gani na nani anampelekea habari. Useni aliyekuwa hawezi kunyamaza akajifunza kungoja jibu la mzee. Programu yetu ilipomalizika, jambo la kwanza ililouliza lilikuwa njia, jina likafuata. Na siku ya kuitetea kazi yetu mbele ya walimu nilikaa pembeni, Musafiri akaeleza kwa Kifaransa chake cha kukwaruza, nami sikumsahihisha hata neno. Hilo lilinigharimu, usidhani lilikuwa rahisi.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mkuu wa kundi mchagueni mnayemtaka, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni yule anayeuliza. Msimkatize. Hana jibu, ndiyo, na kuuliza kwake kutawachelewesha, na pengine mara tisa hakutakuwa na kitu pale. Mngojeni hata hivyo. Na mkifika mahali pa kazi ya mtu mkakuta kitu kimekaa kwa namna msiyoielewa, msikiguse mpaka aliyekiweka awaambie kwa nini kimekaa pale. Kama hayupo, kaeni mumngoje. Kazi yenu itapimwa na walimu kwa saa moja tu, lakini kuna mtu mahali fulani, hamumjui na yeye hawajui ninyi, ambaye ataketi akingoja kwa sababu anaamini kwamba habari yake itamfikia.

Mungu akulinde wewe na wenzako wote, yule mpole kwanza. Akupe subira ya kusikiliza ukiwa na haraka, na akupe ujasiri wa kuomba msamaha ungali kijana. Na kila mtakayemtengenezea kitu, dawa yake ifike.