Nilimwita Jirani Yangu Mwendawazimu Ili Nyumba Yangu Inunuliwe

Nilikosa. Sitazunguka mbuyu, nilikosa, na aliyeumia ni mama mzee ambaye hakunifanyia chochote isipokuwa kusema ukweli. Wueh!

Mimi ni mjane. Nyumba yangu ilikuwa Kalama, huku Machakos, nyumba ya mawe, vyumba vitatu. Mume wangu alipofariki alizikwa kwao Kithimani. Watoto wangu watatu wako Mlolongo, na magoti yangu yalikuwa yamekataa kabisa mambo ya kubeba maji. Nikaamua niuze nihamie karibu nao.

Shida ilikuwa jirani. Sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Alikuwa msumbufu, hapo sidanganyi! Mbuzi wake walikula mahindi yangu, na ukimwambia anakujibu eti mbuzi hajui mpaka. Nikifungulia redio anagonga bati lake kwa fimbo mpaka nizime. Lakini hayo ningevumilia.

Kulikuwa na kaburi kwenye ploti yangu. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, aliishi siku tisa tu. Kwetu mtoto akimaliza siku tatu akina mama hukusanyika kumpa jina, na Susu ndiye aliyempa lake: Mumbua, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Alipofariki, Susu ndiye alimwosha, mimi sikuwa na nguvu. Tukamzika nyuma ya jikoni na kuweka mawe matano. Wanangu waliozaliwa baadaye hatukuwaambia.

Sasa niambie, nani atanunua nyumba yenye kaburi la watu wengine? Huku kwetu, hakuna. Kwa hivyo asubuhi moja nikatoa yale mawe, nikalima, nikapanda sukuma wiki. Juu ya mtoto wangu mwenyewe, jamani!

Susu aliniona kutoka upande wake wa ua.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa mwalimu na bibi yake. Nyumba waliipenda, chai nikawapikia. Walipozunguka nyuma, Susu akaegemea ua akawauliza, "Mmeambiwa kuna mtoto amelala hapo?" Chai hawakumaliza. Wa pili alikuwa mwenye duka, naye akaambiwa vivyo hivyo, akaondoka bila hata kuaga.

Nilimfuata Susu nikamtukana, mimi mtu wa kanisa! "Uza, mwanangu," akasema. "Lakini wanaonunua wajue, wasije wakamchimba."

Hapo ndipo shetani aliponiingia, au labda shetani ni mimi. Nilimpigia simu mwanawe, fundi wa malori kule Mlolongo. Nitamwita Kioko, si jina lake. Nikamwambia, "Mama yako akili zimeruka. Anaona makaburi mahali hakuna. Njoo umchukue kabla hajapotea."

Kioko alikuja Jumamosi. Alisimama katikati ya sukuma wiki, mama yake akimwonyesha kwa fimbo, "Ni hapa, hapa kabisa. Nilimwosha na mikono hii. Muulize."

Akaniuliza. Mume wangu hayuko, Kioko wakati ule alikuwa bado mchanga, akina mama waliokuja siku ya jina wote walishakufa. Tuliobaki tukijua ni mimi na Susu.

Nikacheka. Haki ya Mungu, nilicheka! Nikasema, "Mimi nina watoto watatu, wote wazima. Wewe Kioko, mama anaweza kusahau mtoto aliyemzaa?"

Fimbo ikamwanguka Susu. Kioko akaanza kulia, mwanamume mzima, akaingia kumfungia mama yake nguo. Mbuzi waliuzwa siku hiyo hiyo.

Nyumba ilinunuliwa mwezi huo. Nikahamia Mlolongo, nikajiambia mambo yameisha.

Kisha Kioko akanipigia, eti mama ananiulizia kila siku. Nikaenda. Kioko na mkewe walikaa orofa ya nne, na mlango ulifungwa kwa kufuli nje wakienda kazini, maana aliyesema atapotea ni nani? Ni mimi. Mama aliyelima maisha yake yote alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta wa jirani.

Kioko alipoingia jikoni kutengeneza chai, Susu akanishika mkono. "Mwanangu," akasema polepole, "hebu niambie, tuko wawili tu. Sikumwosha yule mtoto? Sikumpa jina?"

Nyumba nilikuwa nimeshauza! Hakuna kitu ningepoteza. Ningesema neno moja tu. Lakini niliwaza Kioko atanionaje, nikasema, "Hapana, Susu. Uliota."

Akaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyeelezwa hesabu. "Basi nimezeeka vibaya," akasema. "Nisamehe kwa kukufukuzia wanunuzi."

Aliniomba mimi msamaha. Mimi! Na nikamjibu, "Nimekusamehe."

Hakumaliza miezi miwili. Tulimzika Kalama kwake, na mbele ya watu Kioko akanishukuru kwa kuwa wa kwanza kuona ugonjwa wa mama yake. Watu wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Juzi amenipigia tena. Amesahau spana mara mbili kazini, na hana usingizi. Anaogopa ule ugonjwa ni wa ukoo. Aliniuliza ulimwanza mama yake vipi, ili ajue kama na yeye umemwanza. Nikamwambia aombe sana. Ndiyo, hata hapo nilimficha ukweli!

Wewe unayesoma, kama una jirani anayekuharibia mauzo kwa kusema ukweli, mwache aseme. Nyumba ibaki, iote majani, ianguke. Usimwambie mtu kwamba akili yake imeharibika ndiyo wewe upate mnunuzi. Ukimwambia mara nyingi ataamini, na hutaweza kumrudishia.

Najua Kioko husoma ukurasa huu, hunitumia visa vinavyoandikwa hapa nicheke. Uso kwa uso siwezi, mimi ni mwoga. Kioko, lala usingizi. Mama yako hakuwa mgonjwa hata siku moja.