Dakika Kumi za Goti Langu

Wapendwa, kuna jambo nililiamini kwa moyo wote, na msinicheke kabla sijamaliza: kwamba mtu aliyevunjika goti akilikunja mapema, uboho unayeyuka, unateremka mguuni na kutokea kwenye kucha za vidole. Waliniambia wenzangu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, pale Majengo, tena kwa kuapa. Nami, na diploma yangu ya shule ya jioni, kila asubuhi nikawa nakagua kucha zangu kumi kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa serikali.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa barabara. Nilishusha viazi na kabichi kutoka Kibumba kwa chukudu yangu ya mbao, magunia saba, siku nyingine mlima mzima. Goti la kulia juu ya ubao, mguu wa kushoto ukisukuma. Ukifika mteremkoni husukumi tena. Unainama kidogo, upepo unaingia ndani ya shati, na hata volkano inabaki nyuma yako.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha. Raba ya breki ikachomoka. Nilizinduka chini ya magunia, goti limegeuka kuangalia upande wake. Hospitalini walinipasua, wakaunga mfupa kwa waya, wakafunga plasta. Ilipotolewa, nilikuta paja jembamba kama mpini wa jembe na ngozi inabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa.

"Sasa anza kulikunja," daktari akasema.

Nikaitika vizuri sana. Kisha nikarudi nyumbani, nikalala miezi mitatu bila kulikunja. Mgongo ukaota kidonda. Nilijisaidia kwenye beseni, mke wangu Kavira akimwaga. Asubuhi nilisikia magurudumu ya mbao yakipita nje juu ya mawe, nikamtambua kila mwenye chombo kwa mlio wake, nikageukia ukutani nikalia.

Kavira ndiye aliyemleta kine, dada mmoja wa Keshero anayefundisha viungo kazi upya.

"Papa, unaangalia nini kwa kucha?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa kitandani.

"Uboho haina mulango wa kutokea, papa. Leta kisigino."

Kisigino juu ya kipande cha gunia, kiteleze sakafuni, kiende, kirudi. Mara kumi. Kelele zangu zilivuka mpaka, wakazisikia Gisenyi. Baadaye ikawa kuketi na kuinuka kitini bila mikono, kisha mgongo ukutani, nashuka polepole. Mwisho nikaning'iniza bidoni, dumu la plastiki, kwenye kifundo cha mguu, na kikombe kimoja tu cha maji ndani, nikawa naongeza. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Kavira alihesabu huku akichambua maharage.

"Saba. Eh muzee, hiyo ya saba umeiba! Rudilia."

Paja likarudi. Siku niliyokwenda chooni kwa miguu yangu, nilikaa humo nusu saa kwa furaha tu. Sasa naenda misa bila fimbo. Namshukuru Mungu, Kavira na dada yule. Wewe uliyelala, usingoje vyombo vya bei kali: kiti unacho, ukuta unao. Anza na mara tatu. Maumivu mapya yakija, muulize mtaalamu, usiwaulize wenzangu wa chukudu.

Lakini niseme ukweli wote. Kila zoezi nililifanya kwa ajili ya ule mteremko wa Kibumba. Nikiwa nimeegemea ukuta, nilifumba macho, na shati likajaa upepo. Chukudu nilikwisha kuipaka mafuta, nikaifunga raba mpya. Juma lililopita nilimwita kine kiwanjani, nikapiga goti juu ya ubao mbele yake. Akalishika, akalikunja mpaka pale linapokataa.

"Niongeze dakika?" nikauliza. "Hata saa nzima, nitafanya."

"Hapana, papa. Goti hii itakubeba wewe. Magunia, haitabeba tena."