Mwaka Bwana Sumu Alipojiandaa Kuzalisha Panya

Mtaa mzima ulimwita Bwana Sumu, na hata binti yake alimwita hivyo akiwa na furaha. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi ya kuua panya. Kampuni ilimtuma kwenye maghala, mikahawa na nyumba za watu. Aliingia na buti zake za mpira, akatega chambo cha sumu, akapuliza dawa, na baada ya siku chache akarudi na mfuko kukusanya mizoga. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, nikishona nguo katika chumba changu cha mbele. Kila jioni nilimsikia akivua buti mlangoni na kukohoa. Nilikizoea kikohozi kile kama unavyozoea saa ya ukutani.

Mkewe alifariki ghafla. Binti yao wa pekee, msusi wa nywele, alikuwa ameshaolewa na kuhamia upande wa pili wa mji. Mzee akabaki na redio.

Siku moja aliitwa kwenye nyumba ambayo mpangaji wake alikuwa ametoroka na kodi. Mwenye nyumba alimwambia kuna panya jikoni, akawamalize. Alichokikuta ni tundu la waya sakafuni, na ndani yake panya wawili wa kufugwa, majike, mmoja mweupe mwenye kichwa cha kijivu, mwingine wa rangi ya majivu mwili mzima. Chupa yao ya maji ilikuwa imekauka. Bwana Sumu alivaa glavu, akafungua mlango na kuingiza mkono amkamate yule mweupe. Panya akapanda juu ya glavu, akatembea mpaka kwenye kiwiko, akakaa hapo akijisafisha uso.

"Fundi," aliniambia jioni ile, tundu likiwa juu ya meza yake, "miaka yote hii hakuna panya aliyewahi kunijia. Wote walinikimbia."

Mimi panya nawaogopa mpaka leo.

Aliwaita Kofia na Jivu. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Watu walimuuliza kama amewaleta kuwanenepesha kwanza. Yeye akawapeleka kwa daktari wa mifugo, akafundishwa kuwa vumbi la mbao linawaumiza kifua na kwamba panya mmoja peke yake hudhoofika kwa upweke. Baada ya miezi michache alikuja kwangu na neno ambalo nilidhani nimelisikia vibaya.

"Nataka kuzalisha."

"Kuzalisha nini?"

"Hawa. Kuna watu wanaoishi chumba kimoja kama mimi, hawawezi kufuga mbwa. Na mimi nimeondoa maelfu duniani, fundi. Ningependa niache hata kumi."

Daktari alimpa namba ya simu ya mama mmoja wa mji mwingine, mwalimu mstaafu wa sayansi aliyefuga panya kwa miaka mingi. Bwana Sumu alipiga simu nikiwepo, akiwa ameshajipanga kuomba dume tu, yaishe.

"Bibi zao walikufa na nini?" Mwalimu aliuliza.

"Bibi za nani?"

"Za hao panya wako."

"Mama, mimi hata mama yao simjui."

"Basi hao hawatazaa, baba. Usiyemjua ukoo wake unaweza kumzalisha magonjwa tu. Unataka watoto au unataka watoto wazima?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua kalamu na kuandika kila alichoambiwa. Mwalimu alimpa mwaka mmoja wa kujiandaa. Ajifunze kumpima panya uzito kila wiki na kumsikiliza kifua. Awe na matundu mawili, maana madume huwatia mimba hata dada zao wakiachwa pamoja baada ya wiki tano. Atafute watu kumi wa kuwachukua watoto kabla jike hajapandwa, awahoji mmoja mmoja, na awaahidi kumpokea tena panya wa yeyote atakayeshindwa kumtunza. Akitimiza hayo yote, Mwalimu atamletea jozi ya ukoo anaoujua mpaka kizazi cha sita.

Mzee akajitosa. Nilimwona akihoji watu pale kibarazani kwake kama hakimu. Mjane wa duka la dawa alikubaliwa. Mchora mabango akakubaliwa baada ya kuja mara tatu. Mwanamume mmoja aliyeuliza kama panya wadogo wanafaa kwa chatu wake alifukuzwa, na Bwana Sumu akashinda kutwa nzima bila kula.

Chumba cha panya kilikuwa kile cha nyuma, ambamo kabati la marehemu mkewe lilikuwa bado limejaa nguo. Aliniletea gauni la mkewe la kulalia, la pamba nzito, limechakaa mabegani, akaniomba nilishone liwe vitanda vya kuning'inia ndani ya tundu.

"Una hakika?" nilimuuliza.

"Ni laini," alisema. "Vitambaa vipya vina kemikali."

Nikashona. Ningekataa leo, lakini siku ile nilishona.

Binti alikuja Jumapili na kuingia chumba kile kabla hatujamzuia. Alilitambua gauni kwa maua yake. Hakupiga kelele. Alisimama akimtazama Jivu, ambaye alikuwa amelala ndani ya mkono wa gauni la mama yake, kisha akamgeukia baba.

"Nguo za mama umewatandikia panya?"

"Zilikuwa zinaoza kabatini, mwanangu."

"Ungeniuliza. Neno moja tu, baba, ungeniuliza."

Alizipakia zilizobaki kwenye masanduku mawili, akaondoka. Miezi miwili hakuonekana wala simu hakupokea. Mzee aliendelea kupima uzito na kuandika, ila mwandiko wake ulianza kulegea.

Kisha Jivu akaota uvimbe chini ya kwapa. Ulikua haraka, mpaka akawa anatembea upande. Daktari alisema kumpasua hakutasaidia. Bwana Sumu aliniomba nimsindikize, nami nikaenda, nikasimama karibu na mlango. Alimshika panya kwa viganja viwili wakati daktari akiandaa sindano.

"Itachukua muda gani?"

"Dakika chache. Atalala tu. Hataumia."

Mzee akatikisa kichwa. "Ile sumu yangu inachukua siku nne," alisema. "Wanavuja damu ndani kwa ndani. Najua, kwa sababu nilikuwa nawahesabia ili nijue lini nirudi na mfuko."

Daktari alichoma sindano. Njiani kurudi mzee alibeba mapajani kisanduku chenye mwili wa Jivu.

Mwaka ulipotimia, Mwalimu alikuja kwa basi na kikapu chenye mfuniko. Alikuwa mama mfupi wa miwani minene. Alikagua matundu, akanusa pembe za chumba, akasoma daftari kurasa zote. Binti naye alikuwepo. Nilikuwa nimemwendea mimi mwenyewe saluni kwake na kumwomba radhi, maana sindano iliyoshona ilikuwa yangu.

"Umefanya vizuri kuliko wengi," Mwalimu alisema. "Limebaki swali moja. Ukiugua au ukiondoka, nani atawachukua?"

Mzee akamtazama binti yake.

"Siwezi kukudanganya, baba," binti alisema taratibu. "Siwezi."

Ndipo kikohozi kikamshika mzee, kirefu, hata akashikilia meza. Mwalimu alisubiri kipite.

"Hicho kifua umekipima?"

Alikuwa amekipima mwezi uliotangulia. Hatukujua. Dawa alizopuliza miaka ile yote zilikuwa zimemla mapafu, na hospitali walimweleza wazi kwamba hana muda mrefu. Alituambia akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyevunja chombo. Binti alikaa chini pale pale sakafuni.

Mwalimu hakuchukua kikapu chake. Nadhani angemwachia, kwa huruma. Mzee mwenyewe ndiye aliyekisukuma kuelekea kwake juu ya meza.

"Rudi nao, mama. Sitaleta watoto nikawaacha njiani." Alipumzika kidogo. "Huna wazee? Waliopita umri wa kuzaa, wasiotakiwa na mtu?"

Mwalimu alikuwa nao. Wiki iliyofuata alileta majike wawili wenye manyoya machache mgongoni, wakae na Kofia. Bwana Sumu alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wale watu aliowaandika kwamba panya hawatakuwepo. Mjane wa duka la dawa alilia, akidhani amekataliwa.

Binti alianza tena kuja, kila Jumapili. Alikaa sebuleni. Chumba cha nyuma hakukikanyaga tena, na baba yake hakumwomba.

Panya wale wazee walikufa mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akiwa usingizini, wa pili kwa sindano. Kofia aliishi mpaka mwanzo wa mvua. Asubuhi alipokufa, mzee aliosha tundu, akalianika juani, akaja kuketi nami karibu na cherehani akihema.

"Sasa hakuna anayenisubiri nimlishe," alisema.

Nilimpikia uji. Alikunywa nusu kikombe. Baada ya siku kumi na tisa tulimzika.