Siku Nilipojiandikisha kwa Jina la Mama Mkwe

Aibu hii nimeibeba miaka sita, na nikiwasimulia leo ni kwa sababu mama mkwe mwenyewe ameniruhusu, tena akicheka mpaka akashika mbavu, kwa hivyo chekeni tu, lakini mkimaliza mnisikilize.

Wakati huo tulikuwa tunaishi boma moja na mama mkwe wangu, huko mlimani juu ya Masimba, mlango wake ukitazamana na wangu, na kusema kweli asubuhi zile bado nazitamani: tunashuka kwenye majani chai kabla umande haujakauka, vikapu mgongoni, yeye akianzisha wimbo wa kanisa na mimi nikimfuata kwa sauti ya pili, mpaka vikapu vinajaa bila sisi kujua. Tuliongea kila kitu isipokuwa mambo ya mwili. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile haya na heshima kati ya mzazi na mtoto, na mke wa mwanawe ni mtoto wake. Mambo ya chini ya kitovu hayatajwi, hata kwa mafumbo.

Sasa mimi nilikuwa na wasichana watatu, wa kwanza Kwamboka, wa mwisho ana miezi minane, na kumzaa huyo nilivuja damu mpaka nikawa naona kila mtu wawili wawili. Mimi na mume wangu Ombati tulikuwa tumekubaliana nipumzike kuzaa (alikubali upesi, maana aliniona siku ile). Shida ilikuwa mama yake. Kila Sabato akiombea chakula, lazima amkumbushe Mungu kuhusu mvulana.

Siku moja tunachambua maharagwe, redio ikatangaza kwa Kigusii kwamba madaktari watakuja kwenye hospitali fulani ndogo upande wa Kenyenya, wanawake wapimwe mlango wa uzazi, na wanaotaka kupanga uzazi wasaidiwe, yote bure. Mama akasonya, akaizima.

"Mambo ya watu wasio na kazi," akasema.

"Kabisa, Mama," nikaitikia, huku nikiihifadhi ile siku kichwani.

Siku ikafika. Nikaaga kwamba naenda soko la Daraja Mbili kuwatafutia watoto nguo za mitumba. Yeye akasema ana mkutano wa akina mama wa kanisa, kwa hivyo mtoto nimwachie dada yangu. Vizuri sana, nikawaza, hatanitafuta.

Nilivaa miwani nyeusi, nikajifunga leso mpaka kwenye nyusi. Karani pale mezani akaniuliza jina, na hapo ndipo nilipojiharibia. Niliogopa kwamba likiitwa langu, mtu wa kwetu atalisikia, nikatafuta jina lingine haraka haraka, na kichwa changu, ambacho siku hiyo kilikuwa kinamwogopa mtu mmoja tu duniani, kikaniletea jina la mtu huyo huyo.

"Yunuke Kerubo," nikasema.

Karani akainua macho. "Wa Masimba pia?"

Ningekuwa na akili ningelisikia lile "pia". Nikajibu ndiyo, nikaenda kukaa benchi la nyuma.

Baadaye muuguzi akaita, "Yunuke Kerubo!" Nikainuka. Na kwenye benchi la mbele kabisa mwanamke mwingine naye akainuka, koti kubwa la kiume, kitambaa kimemfunika nusu ya uso, lakini ile namna ya kushika kiuno kabla ya kupiga hatua nilikuwa nimeifuata shambani miaka saba. Nikajiachilia chini kama gunia.

Mama akaingia nyuma ya pazia. Pazia tu, jamani, si mlango, na yule muuguzi alikuwa na sauti ya kuhubiria uwanjani.

"Mama, kijiti chako unataka cha miaka mitatu ama mitano?"

"Kijiti cha nini?"

"Cha mkononi. Cha kupanga uzazi."

"Mimi? Mzee wangu tulimzika mwaka gani! Nipange na nani?"

Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakasimama wasikie vizuri. Muuguzi akatoka na fomu yangu mkononi. "Kuna Yunuke Kerubo mwingine hapa? Wasichana watatu, wa mwisho miezi minane?"

Nikakimbilia mlango. Leso ikanaswa na msumari wa benchi, na kwa kuwa wenzangu walikuwa wamesimama, benchi likanifuata, nikaanguka chali mbele ya watu wote, miwani ikarukia huko. Nikiwa pale chini nikasikia sauti ninayoijua.

"Mama Kwamboka?"

Nikajifunika uso kwa viganja.

Alikuja akaniinua mwenyewe, akanifuta vumbi, akanitoa nje tukakaa kwenye ngazi kando ya tangi la maji. Kisha nikamwambia ukweli, kuhusu ile damu ya uzazi na hofu yangu, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake.

"Mimi nilizaa tisa," akasema polepole. "Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Nikadhani haiulizwi."

"Na wewe, Mama, unaumwa nini?"

Akageuza uso. Damu ilikuwa imemrudia, miaka mingi baada ya kukoma, na alikuwa anaificha tangu mavuno, anafua nguo zake alfajiri, kwa sababu mwanamke akiugua huko watu husema alikuwa na wanaume. "Bora nife kuliko Ombati asikie hivyo kuhusu mama yake," akasema, na hapo nikasahau aibu yangu yote, nikamshika mkono, chinsoni au hakuna chinsoni.

Tukarudi ndani. Nikamwambia karani jina langu halisi, ukumbi mzima ukanipigia makofi (na mmoja akauliza kama benchi limeumia). Mimi nilipata kijiti changu. Yeye alitumwa Kisii mjini, wakampata na saratani ambayo ilikuwa haijasambaa, wakamtoa mji wa uzazi. Aliporudi nyumbani ni mimi niliyemwogesha, na Ombati aliambiwa yote na mama yake mwenyewe, mezani, kabla ya maombi. Mvulana hakuombewa tena.

Sasa Mama anaishi kwa binti yake kule Nyamira. Mimi hushuka kwenye majani chai peke yangu, na nikianzisha wimbo hakuna wa kunipokea.

Nimeapa sitajificha tena. Nikiwa na siku ya kliniki natangaza jikoni, wanawake wote wa boma wasikie naenda wapi na kufanya nini, halafu nauliza kama kuna mwingine wa kwenda. Kwa kawaida wananicheka. Mwezi jana mke wa shemeji yangu, yule mkimya, aliweka chini kisu cha mboga, akanawa mikono, akasema, "Nisubiri nivae viatu."