Misuli ya Bingwa

Abeid Feruzi wa Ujiji alikuwa mbishi tangu utotoni, na uzee haukumpunguzia kitu. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu, mara nyingi bila kupenda. Kazi yake ilikuwa kupeleka dagaa kwa punda hadi Mwandiga, juu ya mlima. Punda huyo alimwita Bingwa, ingawa hakuwahi kushindana na yeyote.

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo, bwana mifugo mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kopo la unga lenye picha ya farasi. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Abeid akampelekea Patrick, Mkongo wa Uvira aliyepanga chumba mtaani kwetu na mkewe na mtoto, akibeba mizigo kwa baiskeli. Patrick akasoma: unga wa kujenga misuli ya farasi wa mashindano. Abeid akatutangazia kwamba farasi na punda ni ndugu, na kinachomfaa mkubwa hakiwezi kumdhuru mdogo.

Kopo lilipokwisha, akaanza kumkorogea Bingwa uji wa karanga na mayai, na chumvi ya Uvinza juu yake. Mkewe, Mwamini, aliniambia kwamba angelijua mapema angelizaliwa na masikio marefu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Halafu Patrick akamletea biskuti za msaada, zile ngumu wanazogawiwa wakimbizi kama yeye, zenye nguvu kuliko mkate. Baiskeli yake ilikuwa imechakaa matairi, naye alihitaji mapya. Abeid akanunua zote. Kila alasiri Patrick alikuja na biskuti kwenye mfuko wa shati, Bingwa akazila mkononi mwake, na sisi majirani tukalazimishwa kuyapapasa mapaja ya punda na kuyasifu.

Ndipo Honorata, mama mmoja wa Mwandiga aliyenunua dagaa kwa jumla, akasema amechoka na wachukuzi wengi. Anataka mmoja, wa msimu mzima. Abeid na Patrick wote wakaomba. Akawaambia kila mmoja apakie gunia moja Ujiji, asubuhi moja, na atakayetangulia kufika ndiye mwenye kazi. Akikosa, Abeid angemuuza Bingwa. Akikosa, Patrick angeondoka mjini na familia yake kwenda kuishi kambini.

Nilifuatana na Abeid kwa miguu ili nishuhudie, na kusema kweli nilitaka kumwona akiaibika. Kwenye tambarare Patrick alitupita na matairi yake mapya, akapotea. Abeid hakubabaika. Alisema mlimani ndiko misuli huzungumza, na akaizungumzia yeye mpaka nikatamani kurudi.

Mlimani tukamkuta Patrick amekaa chini, baiskeli na gunia vimelala kando, midomo imemkauka. Abeid akaniangalia kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha, akamhimiza Bingwa apite. Bingwa hakupita. Alisimama mbele ya Patrick, akaingiza pua kwenye mfuko wa shati lake. Abeid akavuta kamba, akasukuma matako, akamtukana mama yake punda. Yale mapaja tuliyoyasifu hayakusogea hata kidogo.

Abeid akamgeukia Patrick kwa hasira, akamuuliza mtu mzima anaanzaje safari kama hii bila kula.

"Chakula yangu iko mu tumbo ya punda yako, Papa," Patrick akajibu, bila ubaya wowote.

Roho iliniuma, na nadhani yake iliuma zaidi. Aliliinua gunia la Patrick mwenyewe, akampakia Bingwa, akamshika Patrick mkono. Mimi nikaachiwa baiskeli. Tulipofika, Honorata aliuliza nani ametangulia. Abeid akajibu kwamba wamefika pamoja, na kama anataka mchukuzi mmoja, basi awahesabu wao wawili na punda kuwa mmoja. Honorata akakubali, nadhani ili anyamaze.

Abeid aliendelea kutuambia kwamba siri ya Bingwa ni lishe ya misuli, na kila alasiri uji wa karanga na mayai ulikorogwa uani kwake kama zamani. Ila bakuli lilipelekwa chumbani kwa Patrick. Bingwa alirudishiwa majani, na mlima wa Mwandiga akaupanda kwa mwendo uleule.