Raba za Tairi la Lori

Harufu ya petroli iliyochanganyika na moshi wa nyama choma hunikasirisha hadi leo. Watu wengine wakipita Kenyatta Market saa za mchana humeza mate. Mimi hukunja uso. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko hilo, na likizo nzima ya Agosti, nilipokuwa darasa la tano, moshi wa vibanda vya nyama uliruka ukuta kuja kukutana na petroli ya gari la Baba, ambalo boneti yake ilikuwa wazi kuanzia chai ya asubuhi hadi giza. Lilikuwa gari la Kiingereza, rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko wa Mama. Baba alilipenda kupita kiasi. Sisi tulioga kwa karai. Gari liliogeshwa kwa mpira wa maji na kukaushwa kwa taulo.

Shida yake ilikuwa moja: lilitetemeka. Wala si barabarani tu. Hata likiwa limesimama uani, injini ikishawashwa, viti vilitetemeka mpaka meno yanagongana. Siku za kawaida tungevumilia, lakini Mama alikuwa amelazwa katika hospitali kuu pale juu, upande wa Upper Hill, amepasuliwa mgongo. Daktari alimwambia Baba waziwazi kwamba siku ya kumtoa amchukue kwa uangalifu, maana mtikiso mdogo tu ungemuumiza vibaya. Mtu mwenye akili timamu angekodi teksi. Baba akasema, “Mke wangu nilimtoa kwao kwa gari hili, na atarudi nyumbani kwa gari hili.” Basi, habari ikaishia hapo. Ukaidi wa Baba haukuwa na dawa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwa Mama. Nilikalishwa kiti cha mbele, sufuria ya maji mapajani, injini ikiwashwa niseme kama maji yametulia. Yatulie wapi! Yalinimwagikia asubuhi, yakanimwagikia jioni. Wenzangu waliokuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nje ya geti waliniona nikishuka nimelowa, wakapiga kelele, “Nyambura amejikojolea tena!” Nililichukia gari lile, nikawachukia wao, na Mungu anisamehe, kuna siku nilimchukia na Baba.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hao walikuwa hawajaona Nairobi. Hapa ukifungua boneti, kila mwanamume anayepita ana haki ya kusimama, kuweka mikono kiunoni na kutoa hukumu. Mjomba Kamau, kaka yake Mama, alikuja kutoka mji wa Kikuyu kila wikendi na uhakika mpya. “Hiyo ni plagi tu, Baba Nyambura. Niamini.” Plagi zikabadilishwa, maji yakamwagika. Jirani yetu Mzee Mutiso, shemasi wa kanisa letu, akatikisa kichwa. “Wapi! Hiyo ni kabureta.” Kabureta ikafunguliwa, ikaoshwa kwenye beseni la Mama la kufulia, ikarudishwa, maji yakamwagika. Wakashuku feni, wakashuku ekzosi, wakashuku hata petroli yenyewe. Mwishowe Mzee Mutiso akasema tuliombee. Wakaweka mikono juu ya boneti wakaomba kwa sauti, nami ndani nikaitikia amina huku nimelowa chapachapa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikuguswa. Kila injini hukalia raba, na raba hizo ndizo humeza mtikiso usifike kwenye viti. Za gari letu zilikuwa zimeoza miezi kadhaa nyuma, na Baba alipoziona za dukani alizidharau. “Laini kama mandazi,” alisema. Akaenda sokoni kwa fundi wa akala, yule anayekata viatu kutoka kwa tairi kuukuu, akakatiwa raba za tairi la lori, ngumu kama jiwe. Alijisifu nazo hadi kanisani. Sasa kila mtu alipoinama kuzichungulia, Baba alimzuia: “Hizo achana nazo. Hizo ni mpya, zitatuzika sisi sote.” Mjomba Kamau alitazama akala zake mwenyewe miguuni, akakubali kabisa. Nyani haoni kundule, jamani.

Siku ya Mama kutoka ikafika, na gari bado linatetemeka. Baba akavaa suti, akajaza mito kwenye kiti cha mbele, tukaenda sote, mimi nyuma kati ya Mjomba na Mzee Mutiso. Wauguzi walimwingiza Mama garini polepole, kila inchi ikimuuma, jasho likimtiririka. Baba akawasha injini. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani mwangu. Baba akaizima mara moja.

“Tumtafutie teksi,” Mjomba akanong’ona.

“Sitoki,” Mama akasema, macho ameyafumba. “Kuingia kumeniua. Kutoka tena siwezi.” Akapumua kidogo. “Hivi lilivyozimwa, haliniumizi. Sukumeni.”

“Tusukume?” Baba akauliza.

“Si nyinyi ndio mafundi? Sukumeni.”

Wakasukuma. Mzee Mutiso akashika usukani, Baba na Mjomba wakainama nyuma. Hapo geti la hospitali wanaume tusiowajua wakaja wenyewe, maana katika jiji hili gari likisukumwa mtu haulizi la nani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Magari nyuma yetu yalipiga honi, madereva wakatukana, Baba akawajibu kwa Kikuyu maneno ambayo shemasi alijifanya hayasikii. Nilitembea kando ya dirisha la Mama na kumwona akianza kucheka. “Mwambie babako anyamaze,” akaniambia, “nyuzi zitakatika!” Tulifika nyumbani hivyo, suti ya Baba imechanika begani, na Mama hakuumia tena.

Wiki iliyofuata, akiwa kitandani karibu na dirisha, Mama alimuuliza, “Na zile raba zako za akala, umeziangalia?” Kesho yake Baba alikwenda kununua zile laini kama mandazi, akazifunga mwenyewe, na gari likatulia.

Mwaka jana nilipasuliwa mimi, katika hospitali moja kati ya hayo maghorofa ya Upper Hill. Nilipotoka niliita teksi kwa simu. Gari lilikuwa jipya, kimya, halina mtikiso hata chembe, na dereva hakugeuka kunitazama mpaka Hurlingham, ninakoishi. Nilibeba mkoba wangu, nikafungua mlango wangu, nikaketi sebuleni nikalia. Mama tulishamzika. Jioni nikampigia Baba, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo, akanifokea vibaya sana.

“Kwa nini hukuniita?”

Nami nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya vilevile. “Baba, gari uliliuza kitambo. Macho yako hayaoni. Ungekuja kufanya nini?”

“Kusukuma,” akasema.