Bibi Aliposema Hoji Tu

Kuna miji ambayo mtu haendi mpaka atumwe, na Piotrków ni mmojawapo. Mimi nilitumwa. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Grand Prairie, Texas, huagiza vigae vya sakafu kutoka Poland, na mwaka 2018, majani yalipoanza kupukutika, wakubwa wakaamua mkaguzi wa ubora aende akavione vinavyotengenezwa. Mkaguzi mwenyewe ndiye mimi. Mwenzangu alipelekwa Italia, akarudi na picha na mafuta ya zeituni. Mimi nikapewa mji ambao hata Wapolandi, ukiwatajia, wanakuuliza unafuata nini huko.

Nikuambie kweli, rafiki yangu, sikutaka kwenda popote. Dada yangu, anayeishi Houston, alikuwa anatutoka akiwa hai. Ugonjwa wa kusahau ulianza na sufuria jikoni, ukaja kwenye njia ya kurudi nyumbani, na wiki chache kabla ya safari yangu binti yake alinipigia simu. "Mama mdogo, leo nimem-show picha yenu, akaniuliza huyu mwanamke ni nani." Nilikuwa kwenye maegesho ya kazini. Nikaingia garini, nikafunga vioo, nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Tulizaliwa wawili tu. Baba na mama walishatangulia, bibi alitangulia zamani. Utoto wetu wote ulikuwa umebaki kwenye vichwa viwili, changu na chake, na chake kilikuwa kinafutika. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja: anikumbuke, hata kwa dakika chache, kabla hajaenda moja kwa moja. Jirani yangu, mama wa Kirundi anayefanya usafi hotelini, aliniambia juu ya uzio, "Umuongeleshe mambo ya utoto, ile ya zamani sana. Mama yangu alisahau ata jina yangu, lakini nyimbo za mu kanisa alikuwa anazijua zote." Basi nikajaribu. Nilimpelekea loshoro, ile ya kwetu ya mahindi na maziwa mgando, niliyoipika mwenyewe, akala kwa adabu. Nilimwimbia nyimbo za shule ya Jumapili, akanisikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Nikapanda ndege kwenda Poland nikiwa sina ujanja mwingine.

Piotrków ulikuwa mji wa kengele na njiwa. Kiwandani tulimaliza kazi Ijumaa, na Jumamosi mwenyeji wangu, binti wa idara ya ubora aliyejua Kiingereza, akanitembeza. Hakukuwa na mengi ya kuona, na yeye mwenyewe aliniomba radhi kwa hilo. Uwanja wa mawe katikati, nyumba zilizopauka rangi, makanisa mengi kuliko watu niliowaona njiani. Vikongwe walikuwa wanaburuta vikapu vya magurudumu kutoka sokoni, na ndani ya vikapu vile niliona bitiruti zikiwa na majani yake, na mafungu ya yale majani membamba kama manyoya ambayo bibi yangu aliyapanda nyuma ya jiko. Nikasimama. Harufu ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na meno ya utoto.

Na hapo, kabla sijajua naikumbukia wapi, kikongwe mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani akamwita mjukuu wake aliyekuwa anafukuza njiwa. Akapaza sauti: "Hoji tu!"

Usicheke. Miguu yangu ilienda. Mwanamke mzima, na beji ya kampuni kifuani, nikapiga hatua kumfuata bibi wa watu, na kichwani nilikuwa natafuta swali.

Ngoja nikueleze. Tulilelewa Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwa sababu mama alikuwa mwalimu kwenye shule za mbali na hakutaka kutuhamisha kila mwaka. Bibi alikuwa na migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe wa maziwa aliyekuwa na kiburi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Na wakubwa aliongea Kimeru, na sisi aliongea mchanganyiko, lakini neno moja la Kiswahili alikuwa nalo kamili, na hilo ndilo alilotuitia. Tukiwa mtoni, tukiwa juu ya mti, tukiwa kwa jirani tunasubiri kukaribishwa chakula, tulisikia sauti inapanda kutoka jikoni: "Hoji tuu!"

Sisi tukaelewa tulivyoelewa. Bibi anasema tuhoji. Anasema uliza tu, mjukuu wangu, usiogope. Kwa hiyo tulikimbia, na ilikuwa mwiko kufika mikono mitupu. Lazima uwe na swali. Njiani dada alikuwa ananinyang'anya langu, kwa kuwa yeye alikuwa na mbio zaidi na alitangulia kufika. Bibi, kwa nini mtu mmoja akipiga miayo na mwingine anapiga? Bibi, mbona ng'ombe hatemi mate? Bibi, ile supu nyekundu ni damu ya nani? Bibi alikuwa anashangaa kidogo, anafuta mikono kwenye kanga, anajibu. Alijibu yote. Alilokuwa hajui alilitungia jibu papo hapo, na jibu la kutunga ndilo lilikuwa tamu zaidi. Kisha ndipo anatutuma kuni, au majani ya ng'ombe, au anatukalisha tunywe ile supu ya bitiruti ambayo kijiji kizima hakuna aliyeipika isipokuwa yeye.

Nyumba za wenzetu mtoto hakuwa anauliza. Mtoto aliambiwa. Sisi tulikuwa watoto wa ajabu, na tulijivunia. Darasa la pili dada alinyoosha mkono akamwuliza mwalimu kwa nini wa madarasa ya juu wanachapwa kidogo na sisi tunachapwa sana. Mwalimu akamchapa, halafu akamwuliza nani alimfundisha utovu huo. Dada akajibu, machozi yakimtoka, "Bibi anasema hoji tu." Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo shule nzima ikamwita Hoji Tu, na jina likamkaa. Alikwenda nalo sekondari, akaenda nalo chuo cha uuguzi. Hapa Marekani aliwasumbua madaktari wa Houston miaka na miaka kwa maswali, na wagonjwa wake walimpenda kwa hilo. Akiulizwa ujasiri huo kautoa wapi, alijibu kwamba bibi yake alimruhusu.

Swali lake moja nalikumbuka zaidi. Karibu na kwetu kulikuwa na makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa wakati wa vita waliowekwa kambini Tengeru kabla sisi hatujazaliwa. Misalaba imepangwa, majina hayatamkiki. Siku hiyo bibi ameita, dada amefika wa kwanza, akauliza, "Bibi, wale Wapolandi waliokufa, nani anawapelekea maua?" Bibi hakutunga jibu. Alisema, "Mimi." Jumapili iliyofuata akatupeleka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi dogo, fupi kuliko mimi, akang'oa magugu, akaweka maua ya mpaka wa shamba letu. Akatuambia zamani alikuwa anafua nguo kambini, kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mmoja. Mtoto alikufa kwa homa. Mama akaondoka na wenzake kambi ilipofungwa, akamwachia bibi mbegu za bitiruti na kaburi. Hakusema zaidi, na ndiyo mara moja tu ninayokumbuka tukiwa hatuna swali.

Sasa nikurudishe pale uwanjani Piotrków. Nilimshika mkono mwenyeji wangu, nikamwuliza yule bibi amesema nini. Akanitazama kwa wasiwasi. Akasema amemwita mtoto tu. Maana yake njoo hapa. Kila bibi nchini mwetu anasema hivyo.

Na kweli, mtoto alikwenda. Alikwenda bila swali lolote, akapanguswa pua, akashikwa mkono.

Nilikaa kwenye kibaraza cha kanisa, nikacheka, halafu nikawa silii wala sicheki. Bibi hakutuambia tuhoji. Hakujua hata neno lenyewe. Alikuwa anatuita kama alivyomsikia mama yule wa kambini akimwita mtoto wake, kila siku, kati ya kamba za nguo, mpaka siku ambayo mtoto hakuitika tena. Alilichukua neno lile akaendelea kulitumia kwa watoto walio hai. Sisi tukalisikia vibaya, na kwa kulisikia vibaya tukapewa kitu ambacho hakuna mtoto wa kijiji kile alikuwa nacho. Na yeye, maskini, alikuwa anaona wajukuu zake wakiitwa wanakuja na maswali, akaamua kuyajibu.

Unajua nilifikiria nini? Sikufikiria bibi. Nilifikiria, hili ndilo. Hili litamwamsha. Dada yangu hawezi kusikia hili akabaki amelala. Nilitaka kumpigia simu pale pale, nikajizuia. Jambo la namna hii unalipeleka mwenyewe, ukaone uso unavyobadilika.

Nilirudi Texas, na Jumamosi ya kwanza nikaendesha kwenda Houston. Ile barabara unaijua, malori na mabango ya mawakili mpaka unachoka. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya namna ya kusimulia: nianze na njiwa, au nianze na harufu? Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye usukani. Nyuma nilikuwa na mfuko wa bitiruti na yale majani, niliyoyapata kwenye duka la Warusi kule Dallas. Nilikuwa na matumaini mabaya, yale ya mtu anayezama.

Binti yake alinifungulia mlango amevaa sare za kazi. "Karibu mama mdogo. Leo yuko okay, ila asubuhi ali-refuse kuoga." Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anakunja taulo ndogo, anazikunjua, anazikunja tena. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri. Aliniangalia, akatabasamu, akasema shikamoo. Dada yangu mkubwa akaniamkia mimi shikamoo.

Nilipika kwanza. Nyumba ikajaa ile harufu, nikaacha mlango wa jikoni wazi makusudi. Nikamletea bakuli, akaonja, akaonja tena. "Tamu," akasema. "Nani kapika?" Nikamwambia ni supu ya bibi. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni akisifia kwao.

Basi nikasimulia yote, njiwa, kikapu, kikongwe. Nilipofika kwenye neno lenyewe nilisimama katikati ya sebule, nikaliita kama bibi alivyoliita, kwa sauti ya kutoka jikoni mpaka mtoni: "Hoji tuu!"

Akageuka upesi. Lakini aliangalia mlangoni, kuona ni nani anayeitwa.

Nikamwambia, "Ni wewe, dada. Hoji Tu ni wewe." Akaniangalia usoni muda, macho yakiwa makali kama zamani, macho yale ya kutafuta swali kabla hajafika jikoni. Nikajua linakuja. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono na taulo zake.

"Na wewe, mama," akaniuliza, "una dada?"

Nikamwambia ninaye. Mkubwa wangu. Anapenda sana kuuliza.

"Eeh," akasema, akafurahi kweli. "Mlete basi siku moja, tuongee naye."

Binti yake alikuja akaniinua. "Mama mdogo, please, usii-take personal," akaniambia, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Dada alifariki majira ya kiangazi ya 2020, wakati ule ambapo mazishi tulikuwa tunayaangalia kwenye simu. Sikumshika mkono. Nililia mbele ya kioo kidogo cha simu, jikoni kwangu, sauti ya mchungaji inakatikakatika.

Bitiruti sijapanda. Shamba la bibi liliuzwa, migomba ikang'olewa, pamejengwa nyumba za ghorofa. Kaburi lile dogo nasikia linatunzwa vizuri siku hizi, wageni wanaletwa, na maua yapo. Watoto wangu wanajua Kiswahili cha salamu. Nikiwaita wananijibu "I'm coming" na hawaji.

Wakati mwingine nikiwa kazini nakumbuka jambo la Tengeru, dogo tu. Yule ng'ombe alikuwa na doa jeupe begani, au ubavuni? Mwalimu yule alikuwa mrefu kweli, au sisi ndio tulikuwa wafupi? Mkono unakwenda kwenye simu, kisha nakumbuka. Utoto wangu wote sasa ninao peke yangu, rafiki yangu, na sina wa kumuuliza kama ninaukumbuka sawasawa.